Nani ameshika hatamu ya mzizi?

Mwezi wa pili mwaka jana jirani yangu wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniita nyuma ya nyumba yake nikamtazamie bamia. Alikuwa amepanda matuta manne kando ya kisima. Majani yalikuwa yakinyauka kila adhuhuri, halafu yanainuka tena magharibi, kama mtu mwenye homa ya vipindi. Maji alikuwa akitia, na samadi ya mbuzi alishatia. "Mwalimu, bamia hizi zimepigwa jicho," akaniambia, nusu mzaha. Nikashika shina moja chini kabisa nikaling'oa. Udongo wetu ni mchanga, hauna ubishi, na mzizi ulitoka mzima. Ulikuwa na vinundu toka juu hadi chini, vingine kama punje za mbaazi, vingine vimeungana vikawa kama kidole cha tangawizi. Nikapasua kimoja kwa wembe nikakielekeza juani. Ndani mlikuwa na kidoa cheupe kinachometameta kama lulu, ukubwa wa kichwa cha pini. Huyo ndiye mwenye jicho: mnyoo fundo jike, ameshavimba kama kibuyu.

"Kwani mti wenyewe haujui kujitetea?" aliniuliza.

Swali hilo lilinikaa kichwani kuliko bamia zenyewe. Mmea unajua kujitetea, tena sana. Ila mnyoo huyu hapigani nao kwa namna tuliyozoea kuifikiria. Anaufanya umpikie. Na ndani ya jiko hilo, katika miaka ishirini hivi iliyopita, watafiti wamekuta mkono wa kitu kilichokuwa kikidharauliwa: RNA zisizotunga protini.

Tuanze na mgeni mwenyewe. Minyoo fundo, kwa jina la kisayansi Meloidogyne, huanguliwa udongoni wakiwa na urefu wa karibu nusu milimita, wembamba kuliko unywele. Mtoto wa mnyoo hana muda wa kupoteza, maana akiba aliyotoka nayo kwenye yai ndiyo chakula chake chote mpaka apate mzizi. Hufuata harufu ya vitu vinavyovuja kwenye ncha ya mzizi, huingia karibu na hapo, kisha hupenya katikati ya seli bila kuzipasua. Ndani ya mzizi kuna kizuizi kisichopitisha vitu ovyo kuelekea kwenye mishipa. Mnyoo hukizunguka: hushuka hadi nchani kabisa ambako kizuizi hakijajengwa, hugeuka, kisha hupanda tena akiwa upande wa ndani, panapopita maji na chakula. Hapo huchagua seli chache, kwa kawaida tano hadi saba, huzichoma kwa sindano iliyo mdomoni mwake na kuzitilia mate.

Yanayofuata ndiyo yananishangaza kila nikiyasoma. Seli zile huanza kugawanya viini vyao bila zenyewe kugawanyika, mpaka seli moja inakuwa na viini makumi. Hunenepa zikawa seli-jitu, mara mia kadhaa ya ukubwa wa kawaida. Seli za pembeni nazo hugawanyika na kuvimba, na hicho ndicho kinundu ulichokiona kwenye bamia. Mnyoo naye hunenepa hapo hapo, hupoteza misuli ya kutembelea, na maisha yake yote yaliyobaki hunywa humo. Katika joto kama letu, wiki nne hivi zinatosha awe ameshataga mamia ya mayai ndani ya ute. Kwa spishi zilizoenea zaidi mashambani, incognita na javanica, jike hahitaji hata dume.

Sasa angalia vizuri. Mnyoo hakujenga seli-jitu. Hakuleta tofali hata moja. Kila protini iliyotumika pale imetokana na jeni za bamia, kwa nguvu za bamia, kwa sukari ya bamia. Yeye ameleta maagizo tu. Ni kama mtu ameingia jikoni kwako, hakugusa mwiko wala kisu, na bado pilau inapikwa kwa kipimo chake.

Vikaratasi vya harusini

Ili kuelewa maagizo hayo yanapitia wapi, fikiria mapishi ya harusi, ya sufuria kumi na mbili uani. Mpishi mkuu ana daftari la mapishi, na daftari halitoki chumbani. Hilo ni DNA, ndani ya kiini cha seli, na kila pishi lililomo ni jeni. Kinachotoka ni vikaratasi: "pilau, mchele kilo hamsini", "mchuzi wa nazi, sufuria mbili". Kila kikaratasi ni RNA ya ujumbe. Wapishi wa uani wanasoma na kupika, na chakula kinachotoka ni protini.

Kwa miaka mingi tulifundishwa, na mimi mwenyewe nimefundisha hivyo, kwamba RNA kazi yake ni kubeba ujumbe na kusaidia upishi, basi. RNA isiyobeba pishi lolote ilionekana kama karatasi zinazopeperuka uani baada ya shughuli. Kumbe baadhi yake ni mikasi inayotembea.

Mmea hutunga uzi wa RNA ambao hujikunja wenyewe kama kibanio cha nywele. Kimeng'enya kiitwacho Daisa hukata humo kipande kifupi mno, cha herufi 21 hivi, yaani vitofali 21 vya RNA. Hicho ndicho kinachoitwa mikroRNA. Kipande hicho hushikwa na protini nyingine, Agonauti, na wawili hao huanza kuzunguka. Agonauti ndiyo makali, mikroRNA ndiyo anwani. Wakikuta kikaratasi chenye herufi zinazooana na anwani yao, wanakikata. Pishi lile halipikwi tena, na daftari chumbani halijaguswa hata ukurasa mmoja.

Kuna za aina nyingine. Zipo RNA fupi zinazotokana na RNA ya nyuzi mbili, kama ile ya virusi wanaovamia, na mmea huzitumia kumkatakata mvamizi kwa nakala yake mwenyewe. Zipo na ndefu, zinazopita herufi 200, ambazo hazitungi protini yoyote na kazi zake ni nyingi mno kueleza hapa. Moja nitaigusa baadaye kwa sababu ni ya kijanja.

Jambo la kushika ni kwamba mikroRNA nyingi za mimea hazikati vikaratasi vya vyakula vidogo vidogo. Zinakata vikaratasi vinavyotaja wasimamizi: protini ambazo kazi yake ni kuwasha na kuzima jeni nyingine. Ukimnyamazisha msimamizi mmoja, sufuria mia zinabadilika. Ndiyo maana naziita hatamu. Punda wa Lamu ni mkubwa kuliko mtoto anayempanda, lakini mtoto akishika kamba, punda anageuka.

Kamba ilivutwa na nani?

Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi haukutoka kwenye bamia. Ulitoka kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa maabara ambao ni jamaa wa kabichi na sukuma wiki, ukishambuliwa na binamu wa mnyoo fundo anayeishi kwenye viazisukari. Huyu naye hujijengea sehemu ya kulia chakula, ila kwa kubomoa kuta kati ya seli jirani mpaka zinakuwa chumba kimoja kikubwa. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba mikroRNA iitwayo miR396 hushuka pale mnyoo anapoanza kazi. Ikishuka, wasimamizi wa ukuaji inaowadhibiti huwa huru, na chumba hutanuka. Baadaye miR396 hupanda tena, wasimamizi hunyamazishwa, na chumba huacha kutanuka na kuingia katika hali ya kutunzwa tu. Kamba ile ile, kwanza imelegezwa, halafu imekazwa, kwa wakati unaomfaa mnyoo.

Watafiti walipotengeneza mimea yenye miR396 nyingi muda wote, chumba kilikuwa kidogo na minyoo wakadumaa. Zaidi ya jeni 7,000 za mmea hubadilika ndani ya chumba hicho, na mfumo huu mmoja wa miR396 unaweza kugusa asilimia 44 ya hizo. Nilipoisoma takwimu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikidhani nimeisoma vibaya.

Kwenye nyanya, dhidi ya mnyoo fundo mwenyewe, kisa ni cha asumini. Si utani. Mimea ikijeruhiwa hutengeneza homoni ya ulinzi iitwayo jasmonati, na jina hilo limetokana na yasmini, kwa kuwa jamaa yake mmoja ni sehemu ya harufu ya ua lile lile ambalo mama zetu hulitia kwenye kikuba. Katika nyanya, msimamizi mmoja aitwaye TCP4 husaidia kupandisha jasmonati, na mikroRNA iitwayo miR319 humkata. Nyanya zilizoongezewa miR319 ziliumwa zaidi na minyoo. Nyanya zilizopewa TCP4 iliyobadilishwa herufi chache, mkasi usiitambue, zilikuwa na jasmonati nyingi zaidi na vinundu vichache.

Ipo miR159, ambayo Arabidopsis iliyonyimwa haikushikwa sana na minyoo fundo. Ipo miR827, ambayo hupanda pale mnyoo anapokula na kuufanya mmea uwe laini kwake. Jeni inayokatwa na hii ya mwisho inahusika na jinsi mmea unavyopanga matumizi ya nitrojeni na fosfeti, yaani ni karani wa ghala. Mwizi mwenye akili huanza na karani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na vichwa vya habari. Huwa vinasema "RNA yasaidia mimea kupambana na minyoo", na msomaji anabaki na picha ya askari wadogo ndani ya mzizi. Ukiitazama mifano niliyoitaja, mingi ni ya mikroRNA ambazo kuwepo kwake kunamfaa mnyoo, na mmea unaimarika zikiondolewa au wakati wake ukivurugwa. Hizi molekuli hazina upande. Mmea ulizibuni zamani sana kwa mambo yake: kukuza jani, kupanga mzizi, kujua wakati wa kutoa ua. Mnyoo amekuja juzi, kwa hesabu ya mageuzi, akakuta hatamu zinaning'inia. Msaada ambao RNA hizi zinatupa sisi ni wa ramani: zinatuonyesha mnyoo anaposhika.

Mbwa aliyefungwa na joto la Pwani

Hata hivyo ziko kamba ambazo ni za mmea hasa, na moja inastahili kuelezwa kwa sababu inagusa nyanya tunazokula.

Mimea ina jeni za ulinzi ambazo kazi yake ni kumtambua mvamizi fulani na kupiga kelele. Kelele yenyewe ni kali: seli zilizo karibu na mvamizi hujiua ili asipate pa kulia. Nyanya ina jeni ya namna hii iitwayo Mi-1, iliyotolewa kwenye nyanya-mwitu ya Peru na kuingizwa katika nyanya za shambani kuanzia miaka ya 1940. Mnyoo fundo akianza kuchoma seli za mzizi wenye Mi-1, seli zile hufa na yeye hufa njaa. Aina nyingi za nyanya ambazo pakiti zake zimeandikwa kwamba zinastahimili minyoo hutegemea jeni hii moja.

Sasa jeni kama hizi ni mbwa wakali. Ukiwaachia mchana kutwa watamng'ata mtoto wa nyumba: mmea wenye ulinzi uliowashwa muda wote hudumaa. Kwa hiyo nyanya na jamaa zake wana mikroRNA iitwayo miR482 ambayo hukata vikaratasi vya jeni nyingi za ulinzi wa kundi hili wakati wa amani. Virusi au bakteria wakiingia, miR482 hushuka na mbwa wanafunguliwa. Hiyo kwangu ndiyo sura ya kweli ya RNA inayosaidia mmea: haimpigi adui, inaamua mnyororo uwe mrefu kiasi gani.

Na Mombasa? Mi-1 ina ugonjwa wake. Udongo ukipita nyuzi joto 28 hivi, haifanyi kazi. Mtu wa Limuru, kwenye baridi ya bara, anaweza asiujue udhaifu huu maisha yake yote. Mtu wa Kisauni, Likoni au Mtwapa anaujua bila kuambiwa, maana Februari na Machi mchanga usio na kivuli huwezi hata kuukanyaga peku. Mkulima ananunua mbegu za bei, anasoma pakitini kwamba zinastahimili minyoo, halafu anang'oa mizizi ya tangawizi. Hakutapeliwa, jeni imelala kwa joto. Ndiyo maana utafiti wa hatamu nyingine ndani ya mzizi, zisizotegemea Mi-1, una maana kubwa kwetu kuliko kwa watu wa bara.

Ujanja wa ile RNA ndefu niliyoahidi uligunduliwa mwaka 2007 katika mimea inayokosa fosfeti. RNA yenyewe inaitwa IPS1, na ni chambo. Ina herufi zinazofanana na anwani ya mikroRNA fulani, ila katikati, pale hasa makali yanapokata, pana herufi tatu za ziada zinazofanya kijifundo. Mkasi unakuja, unashika, unajaribu, haukati. Na ukiwa umenasa pale, hauendi kukata kwingine. Tangu hapo watafiti wametumia ujanja huo huo maabara: wanatunga chambo cha mikroRNA wanayoitaka, wanakitia kwenye mmea, na kamba ile inalegea. Katika mizizi iliyoshambuliwa na minyoo kumeonekana RNA ndefu nyingi zinazopanda na kushuka, baadhi zikishukiwa kuwa chambo cha namna hii. Kushukiwa na kuthibitishwa ni vitu viwili, na kwa nyingi kazi ya kuthibitisha bado inaendelea.

Mnyoo aliyetufundisha

Kuna jambo la kuchekesha katika historia hii yote. MikroRNA ya kwanza duniani ilipatikana ndani ya mnyoo. Si huyu wa bamia, ni jamaa yake asiye na madhara anayekula bakteria udongoni, Caenorhabditis elegans. Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza kazi ya mikroRNA hiyo, lin-4, mwaka 1993, na wengi waliichukulia kama kituko cha mnyoo mmoja. Walipewa Nobel mwaka 2024. Katikati hapo, mwaka 1998, Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, kwa mnyoo huyo huyo, kwamba ukimtilia RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni yake, jeni hiyo hunyamaza. Wao Nobel yao ilikuja mwaka 2006.

Mwaka huo huo wa 2006 mtego uligeuzwa. Mnyoo fundo hutumia mate, na katika mate mna protini fupi iliyotoka kwenye jeni iitwayo 16D10. Watafiti walitengeneza Arabidopsis inayozalisha RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni hiyo ya mnyoo. Mnyoo alikuja kula kama kawaida, akanywa RNA pamoja na chakula, na jeni yake mwenyewe ikanyamazishwa ndani ya mwili wake. Vinundu vilipungua sana, na si kwa spishi moja, kwa nne. Mgeni aliyezoea kutoa maagizo jikoni alilishwa kikaratasi.

Kufika shambani ni habari nyingine. Mmea wa namna hiyo ni wa kubadilishwa jeni, na Kenya mjadala huo una miiba: marufuku ya 2012 ya vyakula vya aina hiyo, ikaondolewa na baraza la mawaziri mwaka 2022, kisha mahakamani. Njia ya pili ni kunyunyiza RNA yenyewe bila kugusa jeni za mmea. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya aina hiyo dhidi ya mbawakawa wa viazi. Lakini mbawakawa yuko juu ya jani. Mnyoo yuko chini, na RNA ikitiwa udongoni huliwa na vijidudu haraka mno. Tatizo hilo si dogo.

Niliyaeleza haya yote kwa jirani yangu barazani, kwa kahawa chungu na kashata, kwa mpangilio mbaya kuliko huu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa hiyo RNA, sokoni Kongowea inauzwa?"

Haiuzwi. Tuling'oa matuta yote manne, mizizi tukaianika juu ya mabati mpaka ikawa inavunjika kwa vidole, tukaichoma. Mchanga tuliupindua mara mbili uingie jua la kiangazi, maana mayai yaliyo juu juu hukauka. Mvua za masika zilipokaribia alipanda ufuta, zao ambalo minyoo hawa kwa kawaida hawalishabikii. Shina moja tu la bamia alikataa lisiguswe, kando kabisa ya kisima. Alitaka aone.

Mwezi wa tano tukaling'oa pamoja. Lilikuwa limezaa bamia tatu, na chini yake tangawizi.